“Do” si kufanya tu: jibu kwa msomaji wetu wa Manchester

Msomaji ameandika hivi: “Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nipo Manchester mwaka wa pili sasa, nafanya kazi kwenye makao ya wazee. Kiingereza nimesoma tangu shule ya msingi na kidato cha nne nilifaulu vizuri, lakini hapa nimekuwa kama bubu. Wiki moja tu nimekusanya haya. Mzee mmoja kaniambia ‘do one, love’. Mwenzangu wa zamu anasema meneja ‘is doing my head in’. Kijana wa jikoni ‘has done a runner’. Ijumaa nimealikwa ‘leaving do’. Na bibi mmoja, nilipomaliza kumvalisha, alinitazama juu mpaka chini akasema ‘you’ll do’. Nitafanya nini? Kamusi inasema do ni kufanya. Nisaidie, maana hilo la mwisho limeninyima usingizi.”

Marahaba, mwanangu. Hilo la mwisho nitalijibu mwisho, ila leo lala usingizi wako: hujamkosea bibi wa watu.

Kamusi yako haijakudanganya. Imekupa maana ya kwanza ikaishia hapo, kama mtu anayekusindikiza hadi stendi halafu akakuacha uulizie basi mwenyewe. Nami nianzie kwetu. Chukua Mwingereza anayejifunza Kiswahili, umwambie kwamba piga ni kumtandika mtu. Kisha mpeleke Temeke akae wiki moja. Atasikia baba kapiga simu, mama kapiga pasi, shangazi kapiga deki, mtoto hajapiga mswaki, kijana wa stendi anapiga debe, na rafiki wa zamani kaja kumpiga mtu mzinga. Siku ya uchaguzi mtaa mzima umetoka kwenda kupiga kura. Atamwandikia mwalimu wake barua kama yako, akiuliza inakuwaje nchi yenye sifa ya amani watu wanapigana kutwa kucha.

Hakuna aliyepigwa. Kwenye “kupiga pasi” kazi yote inafanywa na pasi; kitenzi kimebaki ganda la kubebea. Ndiyo maana mgeni akikazana kuchimba maana ya “piga” hatapata kitu, bali akitazama neno linalofuata ataelewa. “Do” ndiyo piga ya Waingereza. Ukishika hilo, nusu ya barua yako imejijibu.

Tena si jambo la mtaani tu. Hata Kiingereza cha darasani kimejaa “do” isiyofanya chochote. Ukiuliza “Do you know him?”, hiyo “do” inafanya nini? Zamani mtu aliuliza moja kwa moja, “Know you him?”, na akaeleweka. Katika karne ya 16 “do” ilianza kuingia kwa wingi kwenye maswali na kukanusha, na kufikia karne ya 18 ilikuwa imeshakuwa kanuni. Kwa hiyo kitenzi hiki kina miaka mingi ya kubebeshwa mizigo ya wenzake. Watu wa mitaani walikikuta kimeshazoea upagazi, wakakiongezea gunia.

Sasa twende kwa kijana wa jikoni. “He’s done a runner” maana yake ameingia mitini. Kala kona, katoka nduki, chagua unayoipenda. Mara nyingi husemwa kwa mtu aliyekula hotelini akatoka bila kulipa, au abiria wa teksi aliyefungua mlango kwenye taa nyekundu akatimua. Lakini hutumika pia kwa mume aliyetelekeza familia, fundi aliyechukua malipo ya awali akazima simu, na mfanyakazi ambaye hakuaga. Sikiliza vizuri lakini: mtu akiondoka tu, hajafanya “runner”. Lazima aache kitu nyuma kinachomdai, kiwe bili, zamu au mke. Kijana wenu huenda kaacha sufuria chafu na ratiba ya wiki nzima yenye jina lake, ndiyo maana wenzake wamenuna.

Nduguze ni hawa. “Do a bunk” ni hiyohiyo, ya karne ya 19, utaisikia zaidi kwa wazee. Na “do a moonlight flit” ni kuhama usiku, godoro kichwani, kabla mwenye nyumba hajaamka kudai kodi. Hilo neno “flit” nalipenda. Lilitoka kwa Wavaikingi. Katika lugha yao ya kale flytja ilikuwa kuhamisha, na Uskoti hadi leo mtu anayehama nyumba mchana kweupe, akiwa amelipa kila senti, anaweza kusema “I’m flitting”. Mbalamwezi ndiyo inayomfanya awe mwizi.

Muundo huo wa “do a” una mlango mwingine: unaweza kuweka jina la mtu au la mahali, na historia yake yote ikaingia kwenye sentensi. Wazee wanaweza kusema mtu “has done a Lord Lucan”, yaani kapotea moja kwa moja. Huyo Lucan alitoweka Novemba 1974 baada ya mlezi wa watoto wake kuuawa nyumbani London. Hajaonekana mpaka leo, na hati yake ya kifo ilitolewa mwaka 2016.

Wewe uliyezungukwa na mashabiki wa mpira utasikia zaidi “doing a Leeds”. Hii ina utamu wake. Leeds United walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2001. Walikuwa wamekopa na kutumia kana kwamba fedha za mashindano hayo ni mshahara wa kila mwaka. Wakakosa kufuzu. Ikaanza minada: Rio Ferdinand akauzwa Manchester United mwaka 2002 kwa karibu pauni milioni 30, na wengine wakafuata. Mwaka 2004 wakashuka daraja, 2007 wakashuka tena hadi daraja la tatu, na Ligi Kuu hawakuiona tena mpaka 2020. Kwa hiyo klabu yoyote inayokopa ili inunue nyota, mashabiki wake hunong’ona kwamba isije “do a Leeds”. Uko Manchester, na Leeds ni jirani zako ng’ambo ya milima. Neno hilo hapo halisemwi kwa huzuni.

“Do one” ndiyo iliyokuumiza, naona. Ni kumfukuza mtu: sepa, potea, ambaa. Hutumika sana Manchester na Liverpool, ingawa siku hizi imeshatembea nchi nzima. Usinitake nikuonyeshe hiyo “one” ni moja ya nini. Mimi huisikia kama ndugu wa “do a runner”: “one” imekaa kwenye kiti cha mbio zenyewe, kama vile sisi tunavyosema “kata moja” mezani na kila mtu akajua ni moja ya nini.

Lakini barua yako ina neno ulilolipita haraka: “love”. Dereva wa basi atakuita hivyo, na mwenye duka, na nesi mwenye umri wa kukuzaa. Si mapenzi, ni kama “binti” au “mama” yetu ya sokoni. Mzee aliyekuambia “do one, love” amekufukuza na hapohapo akakufuta vumbi. Pengine hakutaka kuoga saa ile. Toka, andika kwenye kumbukumbu zake kwamba amekataa, rudi baada ya robo saa na kikombe cha chai. Angekuambia “do one” bila “love”, na jicho limekaza, hapo ungejua amekasirika. Ukiisikia usiku kituo cha basi kutoka kwa kijana usiyemjua, usisimame kuchambua sarufi.

“She’s doing my head in” haina kitendawili. Anamvuruga, anampasua kichwa. Mtu anaweza kukufanyia hivyo kwa kelele, kwa maswali yasiyoisha, au kwa kubadili ratiba mara tatu kwa siku kama meneja wenu. Hata fomu ya kodi inaweza. Si tusi, ila usiseme mbele ya meneja. Angalia tu usichanganye watoto wa mama mmoja. “Do someone in” ni kuua. “I’m done in” ni mimi niko hoi, nimechoka tiki. Na “he did his nut” ni alikuja juu, aliwaka. “Nut” hapo ni kichwa. Maneno yaleyale matatu manne, ukihamisha moja unatoka kwenye uchovu unaingia kwenye mauaji. Ndiyo maana nasema usitazame kitenzi. Tazama kinachokifuata, na kina nani.

Sasa Ijumaa yako. “A do”, ikiwa jina la kitu, ni shughuli. Nasema shughuli kwa makusudi, maana hapa Kiswahili na Kiingereza vimekutana barabarani bila kupanga. Shughuli yetu ni kazi (“nina shughuli nyingi leo”), na shughuli hiyohiyo ni sherehe (“kesho kuna shughuli kwa mama Asha”). Waingereza nao kitenzi chao cha kutenda kikageuka karamu. “Leaving do” ni ya kumuaga anayeacha kazi, “Christmas do” ya kazini mwisho wa mwaka, “hen do” ya bibi harusi na mashoga zake, ambayo ni kichen pati yenye pombe zaidi na mawaidha machache, na “stag do” ya bwana harusi, ambayo usiulize.

Usijiandae kama unakwenda shughuli ya Magomeni. Hakuna sare ya kitenge, hakuna kutunza, hakuna pilau. Ni baa, watu wamesimama. Ikiandikwa saa moja jioni ni saa moja, si ile yetu inayofika saa tatu. Kabla ya siku hiyo itapita bahasha na kadi. Tia pauni chache, andika jina lako na neno jema. Na jihadhari na mizunguko: mmoja huenda kaunta akawanunulia wote, kisha mwingine, mpaka duara litimie. Ukikubali kununuliwa, ujue zamu yako inakuja, hata kama wewe unakunywa soda. Anayekunywa mizunguko minne na kuaga kabla ya wake, watu wanakumbuka miaka. Usipotaka, sema mapema kwamba utajinunulia mwenyewe, hakuna atakayekasirika.

Kuna kundi hukuuliza, lakini nitakuambia kwa sababu mimi liliniaibisha. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga chumba Bolton kwa mzee mmoja mpole. Siku moja akaniinamia mlangoni akaninong’oneza kuhusu jirani wa chini: “Nice lad, but he’s done a bit of bird.” Mimi nikasikia “bird”, nikaelewa kuku. Nikafurahi, maana mayai ya dukani yalikuwa hayanipendezi. Jumamosi nikashuka nikamgongea yule bwana, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kitabu kwamba nimesikia alijishughulisha na ndege, je, bado ana mayai ya kuuza? Alinitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta, akaniambia miaka miwili na nusu, na hapana, kule hawakumpa mayai.

“Do bird” ni kufungwa jela. Kwetu tungesema kala mvua mbili na nusu, na ukifikiri, mvua si rahisi kuliko ndege kwa mgeni. Asili yake ni mchezo wa vina wa mashariki ya London, wa katikati ya karne ya 19. Walikuwa wanatafuta neno lenye kina sawa na lile wanalotaka kuficha. Kufungwa ni “do time”, kutumikia muda. Neno linaloingiana na “time” kwa kina ni “bird-lime”, nao ni ulimbo. Ndiyo, ulimbo huuhuu, ule watoto wa Pwani wanaotengeneza kwa utomvu wa mfenesi, wakapaka kijitini, ndege akitua hanasuki. Waingereza walichemsha magome ya mti wa holly, ule wenye majani ya miiba na vitunda vyekundu unaouona kwenye kadi za Krismasi. Basi “time” ikawa “bird-lime”. Halafu, na hapa ndipo mgeni anapopotea, wakaikata “lime” yenyewe, yaani kile kipande chenye kina, wakabaki na “bird”. Ni kama mshairi atunge ubeti, kisha afute vina vyote na kukuambia haya, ghani.

Ukiuvuta uzi mpaka mwisho, picha imerudi kuwa kweli: mtu amenasa kwenye ulimbo. Sidhani kama waliotunga walikusudia hivyo, lakini mimi nikilisikia ndiyo ninachokiona.

“Do porridge” ni jela pia, kwa sababu ya uji wa asubuhi. Hilo halihitaji profesa. Kwetu mtu amenyea debe, kwao amekula uji.

Njia ya kufika huko nayo ina “do” yake, na hapa kitenzi kinageuka kuwa cha kutendwa. “I got done” maana yake nilikamatwa, nikaadhibiwa. Mwenzako akiingia zamu amenuna akisema “I got done on the M60”, barabara kuu inayolizunguka jiji lenu, amepigwa tochi: aliendesha zaidi ya mwendo unaoruhusiwa na kamera imemwona. Faini ya kuanzia ni pauni 100 na alama 3 kwenye leseni. Unaona jinsi sisi tulivyosema amepigwa na wao wakasema amefanywa? Kitenzi mtupu kwa kitenzi mtupu.

Ila “I’ve been done” bila polisi wala barabara ni nimeingizwa mjini. Nimenunua simu, ndani ya boksi nimekuta kipande cha sabuni. Na mtu akitaka kuikoleza atasema “done up like a kipper”. Kipper ni samaki aina ya herring, amepasuliwa mgongoni akafunguliwa kama kitabu, akatiwa chumvi, akaning’inizwa kwenye moshi wa mwaloni. Kijiji cha Craster, pwani ya kaskazini mashariki, kina sifa kwa hao. Kwa mtu wa Pwani ni ng’onda, tofauti ni kwamba ng’onda huanikwa juani, na jua la Craster mwanangu unalijua. Sasa jitazame wewe ndiye huyo samaki: umepasuliwa, umefunguliwa, huna tena cha kuficha, na moshi unakuingia. Ndivyo anavyojisikia aliyelaghaiwa, na zaidi aliyebambikiwa kesi.

“They did him over” ni walimvamia wakampiga, au waliingia kwake wakakomba vitu. Nasi tuna neno linalokaa palepale: walimfanyizia. Mmarekani akisema “do over” anaweza kuwa anamaanisha kurudia jambo upya. Nilipokuwa nafanya ukalimani niliwahi kuketi na kijana aliyejifunzia Kiingereza kwenye filamu za Marekani, na kwa dakika tano nzima yeye na ofisa waliokuwa mezani walizungumzia mambo mawili tofauti, mmoja uvamizi, mwingine kurudia fomu. Kama unaangalia sana filamu za kule, chukua tahadhari.

Turudi kazini kwako, maana huko ndiko “do” ya kila siku ilipo, na hiyo itakusaidia kuliko hizi za jela. Asubuhi utasikia “Have you done room nine?” Hakuna aliyemfanya mtu chochote, wanauliza kama umeshamwosha na kumvalisha wa chumba namba 9. Mzee akikuambia “Do me up, love” huku akishika koti, anataka umfungie vifungo. “They’re doing up the lounge” ni sebule inakarabatiwa. “She’s all done up” ni kajikwatua, leo mwanawe anakuja kumtembelea. Bibi wa miaka 90 akikuelezea kwa mgeni, “This is the girl who does for me”, usishtuke. Ni usemi wa zamani, anamaanisha wewe ndiye unayemhudumia. Lakini “that cold will do for him” ni kwamba mafua yale yatammaliza. Kihusishi kilekile kimoja. Kinachotofautisha ni nani anafanya: binti au baridi.

Kisha kuna “I could do with a brew”. Hii ijifunze leo. Hapo kwenu “brew” ni chai, na “I could do with” ni njia ya Mwingereza ya kuomba bila kuomba. Hajakuagiza. Ametangaza tu hewani kwamba chai isingemdhuru. Ukikaa kimya utaonekana mkavu. Mwingine atasema wazi kidogo, “Do us a brew”, na hapo utageuka kutafuta wenzake, maana “us” ni sisi. Yuko peke yake, mwanangu. Kaskazini “us” mara nyingi ni mtu mmoja, kama “tupe maji” ya mtu aliyeketi mwenyewe barazani.

Kinyume chake ni “I can’t be doing with”. Mzee akisema “I can’t be doing with all this fuss”, amechoka na purukushani, zima televisheni, punguza watu chumbani. Ni maneno ya watu wazima, yana uzito wa kistaarabu. Mimi nayapenda kuliko yote niliyoyataja, labda kwa sababu nami umri umeshafika.

“Do me a favour” inategemea sauti. Ikipanda mwishoni kwa upole, anaomba msaada. Ikishuka nzito, “Do me a favour!”, anakuambia acha utani, unadhani mimi mtoto? Kama “nenda zako huko” yetu, ambayo shoga yako anaweza kukuambia akicheka, na adui yako akikusudia.

Utaniuliza utumie zipi. Zielewe zote, utumie chache. “I could do with” itumie kutwa. “Do my head in” na wenzako wa rika moja. “Do one” usiitumie kabisa kazini, hata kwa utani, maana mdomoni mwa mzee wa Salford ni tabia ya mtaa, na mdomoni mwako, mbele ya meneja, ni malalamiko kwenye faili. Si haki, lakini ndivyo kilivyo Kiingereza cha wageni: sisi tunasikilizwa kwa sikio lingine. Na ujue kwamba “do” ina maana ya chumbani vilevile, kama “kufanya” ya vijana wetu, kwa hiyo sentensi kama “I did him last night” usiiache peke yake. Sema ulichofanya: ulimwosha, ulimpa dawa, ulimgeuza.

Sasa bibi yako. Umemaliza kumvalisha, umemfungia vifungo, pengine umemchana nywele na kumpa kioo. Akakutazama juu mpaka chini. Ulimwona kama askari wa mpakani. Akasema “You’ll do.”

Neno kwa neno ni “utafaa”. Na wewe, uliyelelewa na watu wanaosema “hongera sana mwanangu, Mungu akubariki, akuzidishie”, ukasikia ubaridi, kama mtu aliyekupa alama 50 kwa 100. Lakini bibi wa kaskazini ya Uingereza hamwagi sifa. Amekulia kwenye nyumba ambako chakula kitamu kilisifiwa kwa “not bad”, na mume mwema kwa kutolalamikiwa. Mtu wa namna hiyo akikupima kwa jicho refu halafu akatamka “you’ll do”, ameshakukubali. Ametazama mikono yako, namna ulivyomshika bega, kama ulimharakisha, na akaamua kesho uje tena wewe.

Wala hukutakiwa kufanya kitu. Ulitakiwa kutabasamu na kusema “So will you”, naye angecheka. Mimi nimekaa nchi hiyo miaka 19, na nimeambiwa mara mbili tu. Ya pili alikuwa daktari wa meno, kwa hiyo sijui kama niihesabu.